Nani Kasema Picha Hii Inachelewa?

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyatoa redioni hapa Bukoba juma lililopita, na kama ilivyo desturi ya safu hii nayaleta kwenye karatasi kwa faida ya wale ambao betri ziliwaishia, au ambao saa ile walikuwa bado shambani. Nimeongeza mambo mawili matatu ambayo muda wa redio haukuniruhusu kuyasema.

Jambo lenyewe lilianza kwa ugomvi. Niliisifu hewani filamu iitwayo Pumzi, iliyoongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009. Ni filamu fupi ya dakika ishirini na kidogo. Dunia imekwisha kauka, imepita miaka 35 tangu Vita Kuu ya Tatu, ambayo ilikuwa vita ya maji, na watu wanaishi wamejifungia ndani, wakichuja hata jasho na mkojo wao wapate cha kunywa. Mama mmoja aitwaye Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye dalili ya uhai, anaotesha mbegu, kisha anatoroka na mche wake kwenda jangwani. Maneno yanayosemwa humo ni machache kuliko ya harusi ya mabubu. Mimi niliipenda, nikasema hivyo.

Kesho yake akanipigia simu mzee mmoja wa Muleba ambaye ana banda la video tangu enzi za deki na jenereta. Hakunisalimu vizuri. "Wewe mtangazaji," alisema, "picha uliyoisifu imenilazia watu. Vijana wameomba warudishiwe hela. Na sasa kuna binti hapa ametengeneza ya kwake, anasema umemwambia polepole ndiyo ufundi. Njoo uone ulichokifanya."

Binti huyo sikumwambia neno kama hilo. Alikuwa amenisikia tu redioni. Lakini mtu wa redio hujibu hata kwa yale aliyosikiwa akisema, basi nikaahidi kwenda.

Kabla sijawafikisha Muleba, niwakumbushe mabanda haya yalitoka wapi, maana vijana wa leo wenye filamu kwenye simu wanaweza kudhani yalikuwapo tangu Adamu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Sisi tulikuwa na redio. Kwa hiyo kaseti za video zilipoanza kuingia, nyingine kupitia Mutukula kutoka Kampala, mtu aliyekuwa na deki, runinga na jenereta alikuwa na mali. Alifunga turubai, akapanga mabenchi, akaandika kwa chaki jina la picha, mara nyingi akilikosea, na watu wakaja.

Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la sita nilipoiona Terminator ya pili, ile ya James Cameron ya mwaka 1991, katika banda kama hilo. Picha ilikuwa kwa Kiingereza na sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha "good morning teacher". Aliyetuokoa alikuwa DJ. Alikaa pembeni na kipaza sauti akitueleza. Yule adui wa chuma kinachoyeyuka alimwita "jini wa zebaki", na hadi leo sijasikia tafsiri inayoishinda hiyo. Alitwambia nani mwema, nani mbaya, steringi anawaza nini, na pale ambapo picha ilinyamaza, yeye hakunyamaza: alimsema vibaya mtu wa benchi la mbele aliyevaa kofia, alitangaza picha ya kesho, au alitunga mazungumzo ambayo hayakuwapo.

Kazi hii imekuwa na mabingwa wake. Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, alifanya sauti yake iuze kanda kuliko majina ya waigizaji walioandikwa kwenye jalada. Kampala wako akina VJ Jingo, na filamu ya Isaac Nabwana ya Wakaliga, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ilipata jina duniani pamoja na maneno ya VJ Emmie aliyeropoka juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mjerumani mmoja mtaalamu wa mila na jamii, Matthias Krings, ameandika kwa kirefu juu ya watafsiri hao wa Tanzania, na haoni kuwa ni watu wa kuharibu picha. Anaiona kazi yao kuwa ni sanaa yenyewe juu ya sanaa.

Sasa, hebu fikiri mtu aliyefundishwa kutazama sinema kwa namna hiyo. Ukimya kwake si ukimya. Ni DJ amekwenda kununua soda. Ndiyo maana sikumshangaa mzee wa banda. Wateja wake walipoiona Pumzi bila msemaji, waliona chombo kimeharibika.

Lakini tusijidhanie kuwa ni sisi tu. Marekani kwenyewe, Ridley Scott alipotengeneza Blade Runner, filamu ya mji wa mvua na watu wa kutengenezwa, watazamaji wa majaribio walitoka hawakuelewa na wengine wamechoka. Wenye fedha wakaamuru mwigizaji mkuu, Harrison Ford, arekodi maelezo ya kusemwa juu ya picha. Ikatoka hivyo mwaka 1982. Kwa maneno mengine, walimweka DJ. Miaka kumi baadaye, mwaka 1992, ilitolewa tena maelezo yale yakiwa yameondolewa, na mwaka 2007 Scott akatoa toleo lake la mwisho, nalo halina msemaji. Hadi leo wapo wapenzi wa filamu wanaoapa kuwa ile ya kimya ndiyo halali, na wapo wachache, hasa walioiona kwanza mwaka 1982, wanaosema wanaikosa ile sauti. Ukiwauliza sababu watakupa nadharia. Mimi nadhani kila mmoja anatetea banda alilokulia.

Mwendo wa filamu, ndugu msomaji, hutokana na vitu vingi, ila kilicho rahisi kupima ni urefu wa kipande: kamera imewashwa, inatazama kitu, halafu mhariri anakata na kutuonyesha kitu kingine. Mtaalamu David Bordwell wa Marekani alihesabu. Filamu za Hollywood za kati ya mwaka 1930 na 1960 zilikuwa na wastani wa sekunde 8 hadi 11 kwa kipande. Kufikia mwisho wa karne ile wastani huo ulikuwa umeshuka hadi sekunde 3 hadi 6. Macho ya mjukuu na ya babu hayakulishwa chakula kimoja.

Katika filamu za kubuni za kisayansi ugomvi huu ni mkali zaidi kuliko kwingineko, na nadhani najua kwa nini. Picha ya ngumi haihitaji kukuelezea ngumi ni nini. Picha ya dunia ambayo haipo lazima kwanza ikujengee dunia hiyo: watu wanakula nini, mlango unafunguliwaje, jua liko wapi. Mwongozaji mmoja atakuweka ndani ya dunia hiyo ukae uizoee. Mwingine atakurushia yote usoni na kukuambia ukimbie naye. George Lucas mwaka 1977 alichagua kukimbia, na Star Wars ikapata tuzo ya Oscar ya uhariri, ambayo walipewa Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew. Stanley Kubrick, miaka tisa kabla yake, alichagua kukaa. Katika 2001: A Space Odyssey, unatazama dakika karibu 25 kabla binadamu hajasema neno moja. Ni nyani, mawe, na jua linachomoza. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Aprili 1968, baadhi ya wakubwa walitoka ukumbini, na Kubrick mwenyewe akapunguza kama dakika 19.

Na humo humo kwenye picha ya polepole namna hiyo, nyani anarusha mfupa hewani, mfupa unazunguka, na kwa mkato mmoja tu tunaona chombo kinaelea angani. Mamilioni ya miaka yamepita kwa kufumba na kufumbua. Nani basi atasema Kubrick alikuwa mtu wa polepole? Alikusanya, akakusanya, akatumia yote mara moja.

Mkato ule ulinikumbusha mtu wa kwetu. Hapa karibu na Bukoba, upande wa Maruku, kuna mahali paitwapo Katuruka, palipokuwa ikulu ya mfalme Rugomora Mahe wa Kyamtwara. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba hapo na kukuta ushahidi wa uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Na mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya ujuzi wa wahunzi wa Buhaya. Sasa masimulizi ya wazee wa hapo yanasema kwamba Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona huko kukoje. Mnara ukaanguka.

Niambie, hiyo kama si hadithi ya kubuni ya kisayansi ni nini? Mtawala, teknolojia ya juu ya wakati wake, anga, na maafa.

Nilisimuliwa hadithi hiyo na babu mmoja nikiwa kijana, baada ya senene na chai. Alikaa na mkaa muda mrefu sana: mti gani unafaa, nani anakata, nani anapulizia mivuo, wimbo gani. Alipanga chuma juu ya chuma mpaka mimi nikataka kumwambia, tata, fika. Halafu mnara ulipoanguka alisema neno moja tu la Kihaya, akapiga kiganja juu ya goti. Paa. Akanyamaza akatafuna buni yake. Nilishtuka kweli kweli. Kama angeanguka mnara ule katika dakika ya pili, ningemwambia tu pole.

Tena sisi ndio wenye enanga. Profesa Mugyabuso Mulokozi ameandika mengi juu ya tendi hizi zinazoimbwa kwa kinanda cha ubao, kama ule utendi wa Rukiza, na aliyewahi kumsikiliza mwimbaji wa enanga anajua kuwa mtu yule hana haraka na mtu. Anarudia, anazunguka, anaacha nyuzi ziseme peke yake. Hakuna aliyemrushia ganda la ndizi kwamba anachelewa. Kwa hiyo hoja ya kwamba "Mwafrika anapenda mambo ya haraka haraka", ambayo nimeisikia hata kwa wasomi, mimi siipokei. Ni hoja ya mtu aliyeanza kuhesabu historia siku ya kaseti ya kwanza.

Hata hivyo haraka nayo ni yetu. Mwaka 2023 ilitoka Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu kumi fupi za katuni kutoka nchi sita za Afrika. Mojawapo, Herderboy ya Mganda Raymond Malinga, inatokea katika ufalme wa Wachwezi, ambako wachungaji waliounganishwa na mashine wanalinda ng'ombe dhidi ya viumbe waitwao Emandwa.   Picha ile inakwenda mbio, rangi zinakuchapa, na mpwa wangu wa miaka tisa ameiona mara nyingi kuliko alivyofungua daftari lake. Siwezi kusema Malinga amekosea kwenda mbio.

Basi nikapanda haisi, tukapita Kemondo, tukapita Muhutwe, hadi Muleba mjini. Ilikuwa Jumapili mchana. Mzee alikuwa amekubali kuionyesha bure ile filamu ya binti, na kwa sababu aliyeigiza humo ni mzee wa mtaa ule ule, walikuja watu ambao si wa banda: kina mama waliotoka kanisani, mabibi, watoto. Vijana wateja wa kawaida walishika mabenchi ya mbele.

Filamu ina dakika 11. Ziwa limerudi nyuma likaacha matope yaliyopasuka. Hilo si jambo la ndoto tupu kwetu. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka kiasi ambacho wavuvi walilazimika kusogeza mialo yao, na mwaka 2020 likapanda likaingia majumbani kwa watu. Mzee anatoka nyumbani na ndoo kulitafuta ziwa liliko. Njiani kuna roboti anayelinda pampu ya maji, naye alitengenezwa kwa mabati, mabomba na taa ya pikipiki, kazi nzuri sana. Mzee anapata maji, anarudi.

Mwanzoni DJ alinyimwa kipaza sauti kwa amri ya binti. Roboti alipotokea vijana walishangilia, kisha wakachoka naye, maana kamera ilibaki kwake muda mrefu ikizunguka mabati. Nami nilichoka. Halafu ikaja sehemu ya kurudi. Mzee ana ndoo kichwani, anapanda kilima. Kipande kimoja, hakikatwi. Dakika mbili nzima.

Mabenchi ya mbele yalianza. "Peleka mbele!" "Kafika Biharamulo huyo?" Mmoja alikoroma kwa makusudi, watu wakacheka. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumwambia binti kwa upole kwamba akate, na sentensi nilikuwa nayo tayari. Ndipo nikageuka nyuma kutafuta soda.

Nyuma hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alikuwa ameinama mbele, mkono wake wa kulia umepanda kidogo, kama mtu anayeshika kitu kisimwagike. Kwenye picha mzee aliteleza, maji yakaruka kidogo ukingoni mwa ndoo. Kina mama wote walitoa sauti moja: "Eee!" Mama aliyekuwa jirani yangu akaniambia bila kunitazama, "Hapo pana jiwe. Mie ningezunguka." Alikuwa anakijua kilima kile. Alikuwa anakipanda.

Ndugu msomaji, sentensi yangu niliimeza.

Baada ya picha tulikaa nje, mimi, mzee wa banda, DJ na binti. Mzee alitaka vipande viwili vyote vikatwe, roboti na kilima, ama sivyo DJ aongee juu yake. Binti alikataa vyote. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekaribia kulia, kwamba nilishasema redioni kuwa ni suala la ladha, na ladha haina hakimu.

Hapo ilinibidi nijirekebishe mbele ya watu wawili walionisubiri nijikwae. Nilimwambia, mwanangu, ladha ipo, lakini si kila kasoro ukiiita ladha inageuka kuwa ladha. Nilimuuliza kwa nini roboti amekaa muda ule. Akafikiri. Akasema walichoma mabati yale majuma matatu. Nikamuuliza na kile kilima je. Akajibu upesi, kwa sababu ndivyo kilivyo kirefu. Jibu la kwanza ni la fundi anayependa kazi yake. La pili linahusu mzee na ndoo. Sikuongeza neno, na yeye si mtoto. Alinyamaza muda, kisha akasema roboti atampunguza.

Mzee wa banda hakuridhika. Alisema kina mama hawalipi kiingilio, wanaolipa ni wale wa mbele, na simu zimekwisha mpunguzia hao hao. Hilo nalo ni kweli na sikuwa na jibu lake. Mtu anayelipia umeme ana haki ya kujua watu watakaa au watatoka. Nilimuuliza kama angeweza kuionyesha mchana kwa kina mama kwa kiingilio kidogo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe wake anataga.

Aliyetupatanisha alikuwa DJ, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye muda wote alikuwa akichezea waya wa kipaza sauti. Alisema yeye ataongea mwanzo, awaeleze watu ziwa limekwenda wapi na mzee ni nani, awachekeshe kidogo kwa roboti. Halafu mzee atakapoinua ndoo, yeye atasema, "Sasa mimi nanyamaza, tumsindikize," na hatasema tena mpaka ndoo ishushwe.

Binti alimuuliza kama ataweza kunyamaza dakika mbili.

"Sijawahi," alisema DJ.

Wamepanga kujaribu Ijumaa usiku, kwa wateja wa kulipa. Mzee amesema wakianza kudai hela zao atanipigia simu mimi. Kuhusu Solaris ya Tarkovsky ya mwaka 1972, ambayo msikilizaji mmoja wa Kashai ameniandikia kunilaumu kwamba sijawahi kuitaja, niseme ukweli: mle ndani kuna gari linapita kwenye barabara za Tokyo karibu dakika tano, nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu nimelala kabla halijafika.